Vibano vya Manjano

Huwezi kuvuka daraja la kijiji cha akina Bushira bila kuligongea kwanza. Unaokota kijiwe, unaigonga kamba ya chuma mara moja, halafu unasikiliza. Daraja ni jembamba; mbao zake zimening'inizwa juu ya mto kwa kamba mbili nene za chuma, na watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana katikati. Kama ng'ambo kuna mtu aliyekwisha kuanza kuvuka, naye atagonga, nawe utamngoja. Kukiwa kimya, unapita.

Kijiji hicho kiko kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi, kati ya Baraka na Lweba. Bushira alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kila asubuhi alilivuka daraja hilo kwenda shuleni pamoja na rafiki yake Gentille. Alikuwa na sikio kali na ulimi mwepesi, na mama yake alizoea kusema kwamba sikio lingemfaa zaidi kama ulimi ungelingoja.

Ijumaa moja aligonga kamba, akasikia mlio mzito, kama wa sufuria iliyopasuka. Akasita.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nisikie nini? Twende, tutachelewa," Gentille alijibu, akaanza kuvuka.

Walipofika ng'ambo, walimkuta mwanamke wasiyemjua. Alikuwa amepiga magoti penye nguzo ya zege, pale ambapo mwisho wa kamba huzungushwa na kubanwa kwa vibano vya chuma. Shingoni alining'iniza kamera kubwa, na mkononi alishika kitu chembamba kinachong'aa. Aliinamia vibano, akapiga picha, akasogea, akapiga nyingine. Hakupiga picha ya ziwa wala ya milima. Alipowaona wasichana aliwasalimu kwa tabasamu, lakini Bushira hakulipenda tabasamu lile hata kidogo.

"Juu ya nini iko anapiga foto ya kamba?" alimnong'oneza Gentille kwa Kiswahili cha kwao walipokuwa mbali. "Bantu banapiga foto ya bantu!"

"Pengine anapenda kamba."

"Nani anapenda kamba? Ule mama ana neno."

Tusimcheke Bushira. Watu wa Fizi wameona mengi ya vita, na mgeni anayechunguza barabara na madaraja hatazamwi kwa macho ya usingizi. Basi darasani hakusikia somo. Alifikiria mlio ule mbaya, akafikiria mwanamke yule, akaviunganisha viwili hivyo. Wakati wa mapumziko aliwasimulia wenzake. Kufika saa sita habari ilikuwa imeota miguu: mgeni ni mpelelezi, mgeni anauza chuma, mgeni atalikata daraja kesho, siku ya soko, wakati kinamama wanavuka na mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani.

Baada ya masomo Bushira alikwenda mwenyewe kwa shefu wa kijiji, Mzee Bonaventure. Mzee alichukua fimbo yake, akaenda kukagua. Kila mwisho wa kamba ulipaswa kuwa na vibano vinne. Kwenye nguzo ile vilibaki viwili, na kamba ilikuwa imeanza kuteleza. Alama ya kutu ilionyesha ilikuwa wapi zamani. Mzee alikata tawi bichi, akalilaza mwanzoni mwa daraja kuonyesha kwamba njia imefungwa, kisha akatuma watu wamlete mgeni.

Uwanja wa shefu ulijaa. Mwanamke aliketi kwenye kiti cha mbao, mkoba wake magotini. Alijitambulisha kwa jina la Pulchérie, mwalimu kutoka Bukavu.

"Nikipata ruhusa ya kazi ninasafiri," alisema. "Mahali ninapopita, ninapiga foto ya bitu binavyobebwa na kamba za chuma. Madaraja, hata magari ya hewani."

"Magari gani?" Mzee Bonaventure aliuliza.

Pulchérie aliwasha kamera, akamwonyesha vyumba vidogo vyenye madirisha vilivyoning'inia kwenye kamba juu ya paa za mji wa mbali, vikiwa na abiria ndani.

"Na bale bantu baliingia humo kwa hiari yao?" Mzee aliuliza.

Watu wachache walicheka, lakini kicheko kilikufa upesi. Kijana mmoja alipaza sauti kwamba mwizi hakosi hadithi. Mkoba wa mgeni ulipekuliwa, vibano havikuonekana. "Amebificha!" watu walisema. Shefu akamgeukia Bushira.

"Mutoto wangu, we njo ulimuona, si mwingine. Alishika nini mu mukono?"

Macho yote yalimwangukia Bushira. Hakuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile, na ukweli ni kwamba alifurahi. Alikumbuka kitu chembamba kinachong'aa. Hakujua ni nini.

"Spana," alisema. "Nilimuona anafungua kwa spana."

Uwanja ulivuma. Pulchérie alitoa mfukoni kijiti cha chuma chenye brashi ndogo ya kusafishia kioo cha kamera, akakiinua juu. Hakuna aliyetaka kukitazama. Wanaume wawili walikuwa tayari wanatafuta pikipiki ya kumpeleka Baraka akafungwe.

"Shefu, naomba munipe nafasi moja," Pulchérie alisema, akiiwasha tena kamera. "Nilipita hapa mbele ya Pasaka, nikienda Fizi. Nilipiga foto ya nguzo ileile. Leo niliona bibano biwili binakosa, ndiyo maana nilipiga magoti. Mutazame."

Kamera ilipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Bushira, aliona picha ya Pasaka: vibano vinne, vimepangana vizuri, kila kimoja kimepakwa rangi ya manjano upande mmoja. Alikumbuka kwamba kamati ya daraja ilikuwa imevipaka kwa rangi iliyobaki baada ya mtu kupaka mtumbwi wake.

Manjano ile alikuwa ameiona mahali pengine. Aliiona jana, na juzi, na kila alipofagia uani kwao.

Wavu mpya wa kaka yake Safari hukauka uani mchana kutwa, na chini yake, kati ya mawe ya kuuvuta kwenda chini majini, kuna vyuma viwili vilivyopinda. Safari alisema ameviokota. Bushira alikuwa ameshika taa wakati kaka yake anavifunga, na hakuuliza lolote. Alikuwa mwepesi wa kuuliza mambo ya mgeni, lakini ya nyumbani yalimpita.

Angeweza kunyamaza. Mgeni angekwenda Baraka, na Safari, aliyemfundisha kuogelea na asiyemnyima kitu, angeendelea kuvua. Bushira alimtazama Pulchérie, akaona mikono yake imeukumbatia mkoba kama mtoto anayeogopa kuchapwa.

"Shefu," alisema, "asiende bado. Nimuite papa."

Hakungoja jibu. Alikimbia hadi nyumbani, akamkuta baba yake, Mzee Swedi, akishona tundu la wavu uleule, na Safari amelala kivulini baada ya kuvua usiku. Bushira alipiga magoti, akaushika ukingo wa wavu, akakigeuza chuma kimoja. Matope makavu yalidondoka, upande wa manjano ukatokea wote. Akaeleza yote, pamoja na uongo wake wa spana, huku akilia.

Mzee Swedi aliweka sindano chini. "Safari! Amuka! Hii bitu ulitoa wapi?"

Safari alikitazama chuma, kisha akatazama chini. "Kwenye daraja, Papa. Mawe yalikuwa yanateleza, wavu unaelea. Bilikuwa bine. Niliona biwili bitatosha."

"Mama yako anapita pale kesho na mihogo kichwani," baba alisema taratibu. "We njo ulihesabu kama bitatosha?"

Mzee Swedi alikata nyuzi kwa kisu, akampa kila mtoto kibano kimoja akibebe mwenyewe, akatangulia mbele.

Uwanjani watu waliwapisha. Bushira alikwenda moja kwa moja mbele ya kiti cha mgeni.

"Sikuona spana," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, Mzee Bonaventure akamwomba aseme tena. "Sikuona spana! Niliona kitu kinang'aa, nikasema uongo. Mama Pulchérie, munisamehe." Halafu Safari naye akasema lake, na kwake lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu wengi waliokuwa wanamtazama walikuwa wavuvi wenzake.

Pulchérie aliitikia kwa kichwa kwamba amewasamehe. Akasema hata yeye ana kosa: alipaswa kupiga hodi kwa shefu kabla ya kutoa kamera. "Hilo ni kweli," Mzee Bonaventure alisema. Kisha akageukia watu wake. "Lakini wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tulitaka kumufunga muntu aliyekuja kutuponya."

Asubuhi ya Jumamosi fundi alikuja kutoka Baraka. Safari alimshikia vyombo kwa saa nyingi, juani, huku kinamama wa soko wakimtazama kutoka kando zote mbili na wakimwambia waziwazi wanayomfikiria. Kamba ilivutwa, vibano vikarudishwa, vikakazwa. Soko lilichelewa, lakini hakuna aliyeanguka mtoni.

Mzee Swedi alisimama na binti yake karibu na nguzo.

"Kuangalia mugeni si mubaya," alimwambia. "Macho ni ya kuangalia. Ila anzia nyumbani, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kama hukuona kitu, sema sikuona. Neno moja la uongo lilitaka kumufunga muntu na kutuachia daraja bovu, yote siku moja."

"Nimesikia, Papa."

"Basi gonga."

Bushira aliokota kijiwe, akaigonga kamba. Mlio ulitoka mkali, safi, ukakimbia juu ya maji hadi ng'ambo. Akasikiliza. Kutoka upande wa pili mtu naye aligonga: alikuwa Pulchérie, kamera shingoni, mguu tayari kwenye ubao wa kwanza.

Bushira akamngoja apite.