Kimea Ndani ya Uji wa Nunu

Kila asubuhi kabla ya shule, Severa alimsaidia mama yake kuuza togwa kwenye kona ya mtaa, Kariakoo. Ng'ambo ya barabara, Bi Mauza na binti yake Nunu waliwauzia wasukuma mikokoteni uji mzito.

Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani madukani. Watu walijiuliza togwa inapata wapi utamu. Nunu akawajibu, "Wanaitemea mate. Ndiyo sukari yao hiyo." Wateja walicheka, kisha wakahama. Mtungi wa togwa ukawa unarudi nyumbani umejaa.

Severa hakulia. Alingoja. Alijua kimea, ile nafaka iliyooteshwa na kukaushwa wanayotilia togwa, kikitiwa kwenye uji unaochemka huharibika. Basi asubuhi moja, Bi Mauza alipokwisha kuipua sufuria na kugeuka kuosha vikombe, Severa alipita na ndoo, akamwaga konzi ya unga wa kimea, akakoroga.

Uji ukaanza kulegea wenyewe. Punde ukawa kama maji ya mchele. Mzee Pantaleo, mmoja wa wasukuma mikokoteni, alirudisha kikombe, akasema ana magunia ya kupandisha kutoka bandarini na hawezi kuyasukuma kwa maji. Wenzake wakaanza kuondoka. Bi Mauza, akidhani Nunu ameuzidishia maji, alimvuta sikio, akashika sufuria aimwage. Nunu aliapa huku akilia kwamba hakuugusa. Severa alimtazama akatabasamu, moyo umemtulia kabisa.

Mama yake Severa aliliona tabasamu lile. Akafunua kopo la kimea, akakuta kimepungua, kisha akamvusha Severa barabara kwa mkono.

"Da Mauza, usimwage. Huyu wangu ndiye aliyeuharibu. Ataeleza mwenyewe."

Severa, macho chini, alieleza kwamba kimea huukata unga vipande vidogo vitamu, na togwa yao hupata utamu hivyo hivyo. Mama akaongeza kuwa chakula chote bado kimo. Mzee Pantaleo akaonja tena.

"Mtamu," alisema. "Sasa mate yako wapi, Nunu?"

Nunu akainama. Wasukuma wakanywa. Severa akauliza kwa sauti ndogo kama uji unaweza kurudi kuwa mzito.

"Mkokoteni ukiuachia mteremkoni hushuka wenyewe," mama alisema. "Kuupandisha, mtu ale kwanza, kisha asukume. Uji huu umeshateremka. Ukitaka unga tena, panda ulezi, ungoje mvua na jua. Na kisasi chako ni hivyo hivyo. Konzi moja ilitosha kukianzisha, lakini kurudisha ujirani kutakutoa jasho. Nunu atawaambia wateja wetu ukweli. Wewe chukua ndoo yake, nenda bombani."