Bastola Iliyomeza Mayowe

Bisha! Bisha sasa hivi, kabla sijaanza, maana nikimaliza utaoga na mlango wazi. Shule niliiacha sijajua hata kugawanya, lakini hii naijua.

Copenhagen, Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wameukalia mji. Ejler, fundi baiskeli, alikuwa na bastola iliyoangushwa kwa parachuti kwa watu wa chinichini waliowapinga Wajerumani: bomba jeusi, nene, ukifyatua halilii. Kazi yake kuua wasaliti. Anaegesha baiskeli, anampasua mtu, anaondoka akipiga mluzi.

Siku moja kahawa ya karakanani ikanuka baruti.

"Umekorogea risasi?" dada yake Asta akamcheka.

"Kunywa, usinichoshe."

Ndipo kabati lenye bastola likalia: PAA! Likafuata yowe la mwanaume, limejaa damu. Ejler akaitambua sauti. Asubuhi ile ilikuwa imemsalimia, kabla hajamtoboa mwenye nayo koo.

Nje, buti za doria zikasimama.

"Tairi limepasuka!" Asta akapaza sauti, akicheka cheko la uongo.

Buti zikaondoka.

"Kaka," akanong'ona, "likilia tena tumekufa."

Wakamleta Bibi Maren, mganga. Akanusa kabati, akatema mate. "Jini. Anameza kelele za mnaowaua, akivimbiwa, anatapika. Bastola itupeni mferejini leo hii. Wala msimpige risasi, ndicho chakula chake."

Hajafunga mdomo, kabati likafunguka lenyewe. Bibi wa watu akaruka dirishani. Moshi ukatoka, ukajikunja ukawa mtu asiye na mdomo, na kila alipokanyaga, mayowe ya wote aliowaua Ejler yakamtoka nyayoni, moja juu ya jingine, mama! sikusaliti! niache!, na barabarani buti zikaanza kurudi mbio, na Ejler akaichomoa bastola kabatini akafyatua katikati ya moshi.

Kimya. Jini hayupo. Wajerumani wakaingia, wakakuta fundi amepiga magoti anaziba tairi, wakamtukana, wakaondoka. Mwanaume, sivyo?

Haya, kuna kipande nilikiruka. Asta alikuwa nyuma ya moshi. Alianguka mdomo wazi, bila sauti. Ejler alimfunika turubai, akaziba tairi juu yake, damu ikimlowesha magoti.

Vita viliisha. Bastola haikutupwa. Kila asubuhi Ejler huuweka mdomo wa bastola sikioni, kidole kwenye kifyatulio, akiisubiri sauti ya dada yake.