Pelagia Auliza Habari za Malale

Asubuhi ile Kasimiri alikuwa uani akishona mzinga wa gome. Yeye alikuwa mrina asali katika kijiji kilicho karibu na Kipalapala. Mwaka ulikuwa 1960, na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

"Mama Marko," alimwita mkewe, "kura unayo wewe, maana sheria inampa anayejua kusoma, na mimi sijui. Weka alama penye picha ya mzinga. Chama hicho ni cha watu wetu, warina asali."

Pelagia alikuwa amemaliza darasa la watu wazima juzijuzi tu, na alijivunia sana. "Hiyo ni picha tu, Baba Marko. Chama chenyewe kinasema nini juu ya ugonjwa wa malale?"

Kasimiri alicheka. Pelagia hakucheka hata kidogo. Shemeji yake, Lugembe, aliumwa na mbung'o porini, akafa kwa malale. Na Kasimiri hulala katika pori hilohilo wiki nzima akirina. Pelagia aliogopa.

Basi akachukua karatasi za vyama viwili, cha Mzinga na cha Kibuyu, akaenda kwa bwana afya.

"Shikamoo, Mzee Silasi."

"Marahaba, mama. Karibu. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali. Sikuambii umchague nani."

"Nataka kujua namna ya kuyapima maneno yao tu."

"Hilo naweza. Waulize wote maswali yaleyale. Watafanya nini? Wapi? Kazi itafanywa na nani?"

Pelagia alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mzinga waliandika: "Tutajenga hospitali kubwa mjini." Kibuyu waliandika: "Tutapeleka wapimaji wa damu vijijini."

"Hospitali kubwa si nzuri, mzee?"

"Nzuri sana. Ila malale huanza kama homa ya kawaida. Ukingoja mpaka mtu asinzie mchana, ugonjwa umeshaingia kichwani. Damu ipimwe mapema. Lakini maandishi hayatoshi. Nenda mkutanoni, ukawaulize wenyewe."

Alikwenda pamoja na mumewe, akawauliza wagombea wote wawili maswali yale. Mgombea wa Kibuyu alisema wapimaji wanne watafundishwa, akavitaja na vijiji watakakopelekwa. Mgombea wa Mzinga alitabasamu. "Mama, mambo ya afya tutayatazama."

Njiani Kasimiri alikuwa amenuna. "Yule wa Mzinga amekujibu kana kwamba wewe ni mtoto!" alisema. "Kura ni yako. Chagua unavyoona."

Kibuyu walishinda. Mwezi wa sita mwaka uliofuata, mpimaji alifika na hadubini yake ya kupimia damu. Kasimiri alikuwa na homa siku ya tatu, naye akishikilia kuwa ni uchovu tu. Pelagia alimshika mkono, wakaenda. Damu yake ilikutwa na vijidudu vya malale.

Alitibiwa mjini, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

"Daktari anasema ningechelewa kidogo tu, usingeniona tena," alisema.

Pelagia alilia kwa furaha, kisha akampakulia ugali.

"Kula upate nguvu," alisema. "Mpimaji anarudi Jumatatu, na majirani wanataka uwaongoze kwenda kupimwa damu."