Apolinari Mfumbua Nyimbo na Moshi wa Zebaki

Nasema nanyi wenye redio, na ninyi mnaokwenda kusikiliza kwa jirani. Nasema pia nanyi mnaocheza ngoma, na ninyi mnaojidai hamchezi huku miguu yenu inatafuta mdundo. Habari hii ni yetu sote. Ilitokea Lwenge, machimbo madogo upande wa Geita, katika ile miaka ya themanini ambayo sabuni ilikuwa ya kubembeleza, na betri za redio zilianikwa juani kama mihogo ili zipate uhai kidogo.

Jioni moja baada ya mavuno, Epifania alikuwa mlangoni mwa jiko lake akichemsha matobolwa, vile viazi vitamu vikavu ambavyo watoto wa huku huvila na karanga hadi washindwe kuinuka. Binti yake Klara, mwenye umri wa kama miaka sita, alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni na kumwimbia. Upande wa pili wa ua, mumewe Apolinari aliketi na wachimbaji wenzake kuizunguka redio. Nyumba ilikuwa na chakula, watoto walikuwa wazima, na hakuna aliyekuwa na kinyongo na mwenzake. Ningekuwa na uwezo ningeiacha hadithi hapo hapo.

Wote wawili, mume na mke, walikuwa watu wa Ushirombo, wakulima Wakatoliki waliokuja Lwenge kuifuata dhahabu. Apolinari hakuwa mlevi, wala hakumpiga mkewe. Nalisema hili mapema msije mkamtafutia kosa asilokuwa nalo. Kosa lake lilikuwa moja tu. Hakuamini kwamba mtu anaweza kusema neno akawa anamaanisha neno hilo hilo.

Hapa niwaeleze wageni wa Usukumani. Baada ya mavuno huku kuna mashindano ya ngoma kati ya pande mbili, Wagika na Wagalu. Hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Watazamaji hukimbilia kule kunakonoga, na upande ulioachwa peke yake umeshindwa. Manju hodari humsuta mwenzake kwa mafumbo, na ngoma ikiisha watu hukaa wakiyafumbua. Apolinari, ingawa kwao Ushirombo ni Usumbwa, si Usukumani, alijiunga na Wagalu na akawa mfumbuaji wao mkuu. Manju wa Wagika akiimba fisi, Apolinari alijua ni fisi wa ukoo gani. Watu walimpenda kwa hilo, naye alipenda kupendwa.

Basi jioni ile, taarifa ya habari ilipokwisha, mtangazaji alieleza juu ya nchi ya Japani. Alisema kiwanda kimoja huko kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Samaki waliibeba mwilini, paka waliokula samaki wakaanza kuyumba na kurukaruka kama wendawazimu, na baadaye watu nao wakatetemeka, wengine wasiweze kusema, na watoto wakazaliwa na vilema.

Epifania aliacha mwiko ndani ya chungu.

"Baba Klara, umesikia? Si ndiyo zebaki hii hii yetu?"

Ilikuwa hiyo hiyo. Wachimbaji wa Lwenge waliponda mawe, wakaosha unga wake katika karai, wakatia zebaki ikamate dhahabu, kisha wakalichoma lile tonge la zebaki na dhahabu katika kopo juu ya makaa. Zebaki huruka na moshi, dhahabu hubaki. Apolinari alikuwa akichomea nyuma ya ua, kwenye upepo.

"Mama Klara, wewe unasikia, mimi nasikiliza," alijibu, na wenzake wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Jiulize, kwa nini watuambie leo? Serikali inajua tunachimba bila kibali. Imeshindwa kututoa kwa mgambo, sasa inataka kututoa kwa paka."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Epifania naye alitabasamu, kwa sababu mumewe alikuwa na ulimi mtamu kweli. Lakini usiku ule paka wa Japani hawakumtoka kichwani upesi.

Siku ya ngoma ilipofika, uwanja ulijaa kutoka kila kijiji. Manju wa Wagika alikuwa Mabula, mtu mzima ambaye zamani alichimba dhahabu hadi mikono yake ikaanza kutetemeka na karai likamshinda. Naye alikuwa ameisikia redio ile. Aliimba kwa Kisukuma, na maana yake ilikuwa hii:

Usiichome zebaki jikoni kwa mama,
moshi wake ni mwembamba, mtoto anaumeza.
Paka wa mbali wamecheza bila ngoma,
kesho watacheza wa kwetu.

Mabula aliimba huku ameinua mikono yake ile inayotetemeka ili kila mtu aione. Watu wakaanza kumwendea, mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi. Wagalu walibaki wakiwapigia ngoma mbuzi. Epifania alisimama katikati ya uwanja na mtoto mgongoni, maana alihisi yule mzee anamwimbia yeye.

Aibu ya kuachwa uwanjani wageni hawaijui. Siku iliyofuata Wagalu walikusanyika kwa Apolinari, nyuso zimewashuka, wakitaka kujua wametukanwa tusi gani hasa.

"Ni rahisi," Apolinari alisema. "Jikoni kwa mama ni wapi? Ni kwetu. Anatuita wanaume wa jikoni. Mtoto ni manju wetu, kwa sababu bado kijana. Moshi ni dawa yetu ya ngoma. Anasema ni nyembamba, haina nguvu."

"Na paka?" mmoja aliuliza.

"Paka ni wewe uliyeondoka ukaenda kumshangilia!"

Vicheko vikarudi, na aibu ikageuka hasira, maana hasira ni nyepesi kubeba kuliko aibu. Epifania alikuwa akigawa maji ya kunywa. Alijikaza akasema, "Na kama anasema zebaki tu, Baba Klara? Zebaki na watoto?"

"Manju akisema zebaki na akamaanisha zebaki, huyo si manju, huyo ni bwana afya," mumewe alimjibu, na mkutano ukaridhika.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili za watu zilipogeuka matope. Ili kumkomoa Mabula, manju wa Wagalu alitunga jibu: sisi twachoma jikoni, twachoma tukila, nani atatufanya nini. Wimbo ulipendwa, na punde ukawa ndio mwenendo wa watu. Mgalu wa kweli alichomea jikoni na kuwaita wenzake waje kushuhudia. Hata waliokuwa wakichomea porini waliingiza makopo yao ndani. Tena walijisifu kwamba sasa mgambo hawauoni moto wao. Wimbo uliotungwa kuwaondoa watoto kwenye moshi ndio uliowaletea moshi kitandani. Wa kwanza kuingiza kopo ndani alikuwa Apolinari.

Mvua za Novemba zilipoanza, watoto walilala jikoni kwa sababu ya joto la mafiga. Haukupita muda mrefu viganja vya Klara vikawa vyekundu, vikaanza kuchubuka. Ufizi ulimvimba, mate yakamtoka, meno yakalegea hata yale ambayo wakati wake ulikuwa bado. Mtoto aliyekuwa mcheshi akawa mtu wa kulia na kujificha. Akikata tonge la ugali lilimdondoka kabla ya kufika mdomoni, naye akalitazama pale chini kama kitu asichokifahamu. Epifania alimlisha kwa mkono wake, na akitoka nje alilia.

Alimfunga mgongoni akaenda naye hospitali ya misheni. Muuguzi, Sista Euphrasia, alitazama viganja, akamtazama mama.

"Nyumbani kwenu mnachoma dhahabu?"

"Ndiyo, Sista. Jikoni."

"Nani aliyewaambia mchomee jikoni?"

Epifania angeelezaje kwamba ni ngoma?

"Mwondoe mtoto huyu kwenye moshi, leo, si kesho," Sista alisema. "Mkimwacha humo mtamzika. Una kwenu?"

"Ninako, Ushirombo. Mama yangu yupo."

"Basi mpeleke kwa bibi yake."

Ndugu zangu, wokovu ulikuwa umekwisha kuonyeshwa njia. Ilikuwa ni kupanda lori la pamba na kwenda. Lakini Apolinari aliposikia, alisimama mlangoni.

"Ukiondoka na mtoto sasa, Wagika watasema wimbo wao umetukamata."

"Waache waseme, Baba Klara. Mtoto anakufa!"

"Hafi. Nitampeleka kwa mtu anayejua mambo haya."

Mtu anayejua mambo haya alikuwa mganga wa ng'ambo ya mto. Huyu alipiga ramli yake na kutangaza jambo ambalo Apolinari alikuwa amekuja nalo tayari kichwani: mtoto amefungwa kwa wimbo, na aliyemfunga ni Mabula. Klara alichanjwa chale kifuani, akavishwa hirizi, akarudishwa kulala palepale jikoni. Namlaumu Epifania kwa kunyamaza siku zile. Namwonea huruma, na namlaumu. Alijua ukweli, akamwachia mtu mwenye ulimi mtamu aushinde.

Siku moja mvua ilinyesha toka asubuhi. Apolinari na wenzake walikuwa wamepata mwamba mzuri, wakaleta tonge kubwa ambalo halijapata kuonekana Lwenge. Epifania alikuwa ametumwa kwa jirani kutafuta chumvi na kuku wa kusherehekea, mtoto mdogo akiwa mgongoni mwake. Aliporudi alikuta mlango wa jiko umefungwa kuzuia mvua. Ndani wanaume walikuwa wamechutama kuzunguka kopo, nyuso zinang'aa kwa furaha, wakiimba ule wimbo wao. Nyuma yao, chini ya kanga iliyotundikwa kama pazia, Klara alikuwa amelala akikohoa, na hakuna aliyemsikia.

Epifania aliliangusha kapu, akampora mtoto kitandani, akatoka naye mvuani. Alikuwa amechelewa. Kifua cha mtoto kilikuwa kimeziba, akihema kama anayepanda mlima. Lori halikuweza kupita kwenye tope. Klara alifia mikononi mwa mama yake kabla ya Jumapili.

Mngedhani baba atapiga magoti. Watu walipotoka makaburini, Apolinari aliwaongoza moja kwa moja hadi kwa Mabula. Waliichoma nyumba yake, wakamvunjia ngoma zake, wakamfukuza Lwenge mbele ya wajukuu zake. Mzee aliondoka na godoro kichwani, na kwa kuwa mikono ilimtetemeka, godoro lilikuwa likimwanguka kila mara, na vijana wakamcheka. Ukimtoa mama yake, huyo ndiye mtu pekee machimboni aliyejaribu kumwokoa Klara.

Epifania aliwafuata. Alisimama mbele ya moto ule, kichwa wazi, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuipaza tangu aolewe.

"Redio ilisema moshi! Mabula alisema moshi! Sista alisema moshi! Mtoto wangu ameuawa na moshi, na moshi ni wako, Apolinari! Ni wako!"

Watu wengine walimgeukia mume, na nadhani wapo ambao wakati ule waliona, japo kwa kupepesa macho. Apolinari alitazama chini. Alikuwa analia, hilo siwezi kumnyima. Kisha akainua uso, akawaambia wenzake kwa sauti ya upole, ile sauti yake ya kufumbua nyimbo:

"Mnamsikia mama wa marehemu? Anaposema moshi, anamtaja Mabula."

Nao wakatikisa vichwa, wakakubali.

Epifania alimfunga mtoto aliyebaki mgongoni, akatembea kwa miguu kwenye tope kuelekea barabara ya Ushirombo. Nyuma yake, jikoni mwa Wagalu, makopo yalikuwa tayari kwenye makaa.

MAFUNZO

Msiseme hadithi hii inawahusu watu wa Lwenge tu. Kila tunapofungua redio au kusikia wimbo mpya, twauliza kwanza: anamsema nani? Anatumwa na nani? Twajiona werevu. Kama wimbo unataja maji mnayokunywa, moshi mnaovuta au udongo mnaolima, ulizeni kwanza kama ni kweli. Nendeni mkayatazame hayo maji, mkaviangalie viganja vya watoto wenu. Mkishahakikisha, basi kaeni mfumbue mafumbo hadi mchoke, hakuna atakayewazuia.

Zebaki ichomwe mbali na watu, na chakula, na visima, na mwenye mimba na mtoto wasikaribie kabisa. Nalisema waziwazi, kwa maneno haya haya, wala sina mtu ninayemsuta. Anayetaka kunifumbua na anifumbue, lakini kwanza alitoe kopo jikoni.