Walimvunja Mkono Mzee wa Watu kwa Ajili ya Vichezeo Vyangu

Nina umri wa miaka sitini na kidogo, ni fundi cherehani hapa Ngara mjini, na ninaishi peke yangu. Niliwahi kuwa na mume. Anaitwa Deo, na katika habari hii sitampamba kwa neno lolote zuri, kwa hiyo msomaji anayempenda na afunge ukurasa hapa hapa.

Siandiki ili nionewe huruma. Naandika kwa hasira. Watu huniambia mama Anastazia sahau, yamepita... Yamepita kwa nani?

Nianze na sanduku, maana ndilo lililoleta yote. Baba yangu alikuwa fundi wa magari kwenye misheni moja huku kwetu. Daktari mmoja Mzungu alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia baba sanduku la vitu vya watoto wake waliokwisha kukua. Ndani mlikuwa na roboti ya bati yenye kifua chekundu, mwanaanga wa kukazwa kwa ufunguo, roketi yenye magurudumu, dubu apigaye ngoma, na rundo la magazeti ya picha yanayosimulia safari za kwenda kwenye nyota. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, baba hakujua hata neno moja. Basi alinisomea picha. Jioni baada ya kula, nyumbani kwetu Kirushya, alinisomea kwa Kihangaza, lugha yetu, na kila mara mwanaanga alipotua kwenye sayari ya mbali alikuta watu wanapalilia maharage, wakamuuliza ng'ombe wake amewaacha wapi.

Katika magazeti yale mwaka elfu mbili ulikuwa umeshachorwa. Watu wanaruka na mitungi mgongoni. Mama wa nyumbani anabonyeza kidude, chakula kinatoka ukutani kikiwa kimeiva. Nilipokuwa mtu mzima, mwaka elfu mbili ulikuwa umebakiza hatua chache kufika, na mimi bado napuliza moshi wa kuni mbichi na kusubiri basi tangu alfajiri. Nilikuwa nikifungua kurasa zile kwa mwanga wa koroboi nacheka peke yangu hadi machozi. Hiyo ndiyo raha yenyewe, kama hujaionja siwezi kukupa. Unashika mkononi ndoto ya watu waliokuwa na hakika kabisa na kesho, na wewe kesho hiyo unaishi ndani yake.

Nilipoolewa nilikuja na sanduku langu, na nikaendelea kuongeza. Sokoni robota la mitumba likifunguliwa, wenzangu waligombania makoti, mimi nilipekua mifuko ya nguo za watoto. Nilipata kigari kisicho na mlango. Nilipata kichwa cha roboti bila mwili, nikakaa nacho muda mrefu kabla sijapata mwili wa kukitosha. Harufu ya rangi kuukuu na mafuta ya mashine ilinituliza kuliko uji.

Lakini mwanamke mzima mwenye sanduku la midoli, tena hajazaa, majirani watamwacha? Wifi yangu Skola alikuwa anapita barazani kwangu kila siku ya Mungu. "Wenzako wanazaa, wewe unakusanya bati," aliniambia mbele ya wateja. Wengine wakasema nawalea watoto wa bati kwa sababu tumbo limekataa. Uongo mtupu. Hata ningezaa kumi, sanduku ningelifunga kwa kufuli na wote kumi wasingeligusa.

Ndipo wakaja wakimbizi. Walivuka mpaka pale Rusumo wakiwa wengi hata vilima vyetu havikutambulika tena, vimejaa maturubai, miti imekwisha, maji yamekwisha. Mwanzoni tuliwapa ndizi na mahali pa kulala. Baadaye tukachoka, na uchovu ukageuka chuki. Kila kilichopotea Ngara kikawa na mwizi mmoja tu. Kuku akiliwa na kicheche, mkimbizi. Mtu akisahau jembe lake shambani, mkimbizi. Sikatai, wapo walioiba, mwenye njaa haombi ruhusa. Lakini sisi wenyewe je, tulikuwa malaika?

Miongoni mwao alikuwako Mzee Laurenti, fundi saa kutoka ng'ambo. Alifika barazani kwangu akiomba uzi wa kushonea turubai lake, akaona mwanaanga wangu pembeni ya cherehani. Mwanaanga yule alikuwa hatembei tangu nikiwa msichana. Mzee alimshika, akamweka sikioni, akamtikisa kidogo.

"Huyu hajafa, mama," akasema kwa lafudhi ya kwao. "Amesinzia tu. Nipe siku mbiri, nitamwamsha porepore."

Na alimwamsha. Alipomweka chini akatembea, krr, krr, krr, hadi ukingoni mwa baraza, nililia mbele za watu bila aibu. Tangu siku hiyo Mzee Laurenti akawa anakuja mchana kunitengenezea, na mimi namshonea nguo zake na za wajukuu zake. Mguu wa roboti uliokuwa umeoza aliukatia kiraka kutoka kwenye kopo la mafuta ya msaada, kiraka kinang'aa mpaka leo. Kila akinirudishia kitu alisema neno moja juu ya springi yake ya ndani: "Usikaze sana, itakatika." Kulikuwa na kigoda chake nje. Ndani ya nyumba yangu hakuwahi kuingia, hata mvua iliponyesha alijibanza ukutani.

Deo alikuwa dereva wa lori, anapeleka chakula kambini na mizigo Biharamulo. Siku zile madereva walikuwa wafalme. Alikuwa akirudi anakuta mzee yupo barazani, wanasalimiana vizuri, tena anakaa kumwangalia anavyofanya kazi. Nilifurahi. Nilijisemea, walau mume wangu ana moyo...

Kisha vitu vikaanza kupotea.

Kwanza dubu. Nikafikiri nimemweka vibaya. Halafu roketi. Halafu roboti na mwanaanga kwa pamoja, na kufuli limefungwa vizuri kama nilivyoliacha. Nilipekua nyumba nzima, nikatoa hata majani ya godoro. Deo akanisaidia kutafuta. Ndiyo, alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda na tochi! Alipoinuka akajipangusa vumbi, akasema, "Mke wangu, wewe unaukwepa ukweli. Umeona wapi mkimbizi akashika kitu akakiacha?"

Nikamwambia mzee hajui hata mlango wa chumba uko upande gani. Akasema hao wana dawa. Skola akalidaka neno hilo akalitembeza mji mzima, akiongeza na lake, kwamba namtetea mzee kwa kuwa kuna jambo kati yetu. Mzee wa umri wa baba yangu!

Sungusungu, walinzi wa kitongoji, walikuja mchana, Mzee Laurenti amekaa kwenye kigoda chake. Kamanda wao akaniambia, "Mama, wewe kaa pembeni. Huyu tunamjua."

Nilisimama mbele yao. Nilisema sanduku ni langu, kilichopotea ni changu, na mimi mwenye mali simshtaki huyu. Mwanamume mmoja alinivuta akanikalisha chini. Wakamwuliza mzee amepeleka wapi. Akasema hajui. Wakampiga. Mkono wa kulia, ule wa kazi, niliusikia ukivunjika.

Na mume wangu? Alichukua fimbo kwa mwenzake akapiga naye. Nilimwona kwa macho yangu. Likumbuke hilo, msomaji, nitalirudia.

Nilimfuata mzee kambini na ndizi. Alikuwa amelala, mkono umefungwa kwa vijiti. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alisema, "Mama, usije tena, watakuumiza. Rakini ukivipata, uniambie. Wajukuu wangu wanaitwa watoto wa mwizi. Sitaki kufa na jina hiri."

Niliahidi.

Miezi ikapita. Shangazi yangu akafariki kule Kaniha, Biharamulo, nikaenda kuzika. Siku ya kurudi nilikuwa natafuta lori la kunirudisha, jua kali, nikapiga hodi kwenye nyumba moja kuomba maji. Uani palikuwa na mtoto wa kike, umri kama wa miaka minne. Alikuwa amechuchumaa anakaza kitu. Akakiweka chini. Krr, krr, krr... kikatembea kikanijia miguuni.

Roboti wangu, mwenye kiraka kinachong'aa.

Niliinama kukishika. Mtoto akanionya, "Usikaze sana, itakatika."

Nikamtazama usoni. Sikuhitaji kuuliza, lile paji la uso nilikuwa nimelala nalo kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yangu. Mama yake akatoka na kikombe cha maji, mwanamke wa Kisukuma, kijana, mchangamfu, jina lake Kabula. Alinipigia goti akanisalimu shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikanywa, nikauliza vichezeo hivi vizuri vimetoka wapi.

"Kamletea baba yake, ni dereva," akasema. "Vilikuwa vya mke wake wa kwanza, marehemu."

Nikauliza marehemu aliitwa nani.

"Anastazia. Alikuwa fundi cherehani, masikini. Mungu amrehemu."

Nikaitikia amina. Wewe ungesema nini?

Nilipomaliza maji nikamrudishia kikombe. Nikamwambia, "Mdogo wangu, Anastazia ndiye mimi."

Hakupiga kelele. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zangu, akaniuliza maswali mawili matatu juu ya Deo, kovu lake liko wapi, anakoromaje. Nikajibu. Akaingia ndani, akarudi na khanga, akaanza kukusanya: dubu, roketi, mwanaanga. Alipomnyang'anya mtoto roboti, mtoto alilia hadi akakaukiwa sauti. Sikumbembeleza. Mtoto hana kosa, nalijua hilo, lakini siku ile sikuwa na huruma ya kugawa.

"Twende Ngara," Kabula akasema. "Nataka anione nimekaa na marehemu."

Tulikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tukatandaza khanga mbele ya watu wale wale waliompiga mzee. Deo akaitwa. Mnadhani alitahayari? Alijikuna shingo, akasema mwanamume haibi nyumbani kwake, alivyo navyo mke ni vyake. Na kwa nini basi ulimpiga mzee, nikamwuliza, ukijua vitu umevipeleka mwenyewe? Akasema, "Wote walikuwa wanampiga."

Wakacheka. Kamanda wa sungusungu alicheka hadi akashika mbavu. Nikageuka nikamwona Skola anaangalia chini, nikajua. Kabula akathibitisha: wifi yangu alikuwa anakwenda Kaniha kumbeba mtoto yule tangu akiwa mchanga. Alijua kila kitu, na ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Nilitaka jambo moja tu. Nilisema ndoa nimeiacha, wala sitaki fidia. Nataka ninyi mliompiga Mzee Laurenti mbele za watu mwende kambini, mseme mbele za watu kwamba hakuiba.

"Tukamwombe radhi mkimbizi?" kamanda akasema. "Kwa ajili ya midoli?"

Mwenyekiti akaniambia nisubiri, ataitisha kikao. Nikasubiri. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya mavuno. Nikaenda tena, akasema wiki ijayo. Nilikuwa king'ang'anizi, sikutaka kwenda kambini peke yangu na maneno matupu. Nilitaka heshima ya mzee irudishwe na mikono ile ile iliyoivunja. Kabula alikuwa ameniambia kabla hajarudi kwao, "Dada, nenda kamwambie mzee wewe mwenyewe, yatosha." Sikumsikiliza.

Kisha likaja tangazo kwamba wakimbizi warudi kwao, na barabara ya Rusumo ikajaa watu wenye mizigo kichwani. Nilipopata habari nilikimbia na khanga ile begani. Nilisimama kando ya barabara tangu asubuhi hadi miguu ikavimba, nikiita jina lake. Akina Laurenti wengi waligeuka. Kambini nilikuta vijiti vya vibanda na mashimo. Kijana mmoja aliyekuwa akiokota maturubai yaliyoachwa akaniambia watu wa upande ule waliondoka mwanzo kabisa.

Nimeuliza kwa kila mfanyabiashara anayevuka mpaka. Mpaka leo hakuna anayemjua.

Deo yuko Biharamulo, amezeeka, anasali kanisani safu ya mbele. Kabula hakumpokea tena, na hilo nampongeza. Vichezeo ninavyo. Wakija vijana siku hizi na simu zao wananipiga picha navyo, wanasema bibi una hazina. Navikaza taratibu, vinatembea, na raha ninayo bado, sidanganyi. Lakini kila kinachotembea kilitembezwa na mtu aliyeitwa mwizi mbele yangu.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi. Kitu kikipotea nyumbani kwenu, kikulacho ki nguoni mwako, anza kutafuta kwa anayelala kitanda kimoja na wewe kabla hujamtazama mgeni aliye nje barazani. Na ukweli ukiupata, upeleke siku hiyo hiyo kwa aliyeumizwa, uende nao hata peku, hata peke yako. Usingoje waliomwonea waje kukusindikiza. Mimi nilimngoja mwenyekiti, na Mzee Laurenti akavuka Rusumo akiwa bado mwizi.