Matope Kwenye Friza

Kila asubuhi nilifungua friza letu, na kila asubuhi nilikasirika. Wenzangu wakifungua friza kwao hukuta barafu za juisi. Mimi nilikuta matope. Mirija mitatu mirefu ya plastiki, imejaa matope meusi kutoka chini ya ghuba, na kila mmoja umeandikwa kwa wino mwekundu: USIGUSE.

Mama yangu ni mwanasayansi wa bahari. Kwa miaka kumi na tano amekuwa akipima yaliyomo kwenye maji na matope ya pwani. Friza la maabara yao liliharibika, basi matope yakahamia kwetu kama mgeni asiyejua kuaga.

"Hayo ni daftari," Mama aliniambia. "Kila mwaka ghuba huongeza ukurasa juu ya mwingine. Nikiyapima nitajua madini ya risasi, sumu ile, yalianza kuingia mwaka gani, na ni kiwanda gani kinachoyamwaga. Watoto wanakula samaki wa humo."

"Na mimi nitakula nini?" nilimjibu. Alinitazama kwa jicho kali, nikafunga friza.

Alhamisi alfajiri Mama alisafiri kwenda mkutanoni, akaniacha na Bibi. Nilichelewa kuamka. Soketi ya sebuleni ilikuwa nzima, ila nilikuwa mvivu wa kubeba meza ya kupigia pasi. Nikachomoa friza jikoni, nikachomeka pasi, nikanyoosha sare, nikatoka mbio. Nilikumbuka Ijumaa asubuhi, nilipokanyaga maji sakafuni. Nikalichomeka upesi, nikapiga deki, nikajiambia matope yataganda tena na hakuna atakayejua.

Jumamosi Mama alirudi, akatoa mrija mmoja na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha. Sehemu ya juu ilikuwa imegeuka kahawia.

"Haya yameyeyuka yakaganda tena," alisema. "Hewa imeingia. Umeme ulikatika?"

"Haukukatika," Bibi alijibu kutoka sebuleni.

"Wewe uligusa?"

"Hapana, Mama."

Hasira zikampanda. Akampigia simu fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Baba Chupa kwa sababu ndiye huosha chupa zote za vipimo. Wiki iliyopita yeye ndiye aliyetuletea mirija ile kwa gari.

"Uliyaacha juani," Mama alimwambia. "Jumatatu namwambia mkuu atafute mtu mwingine."

Haikupita nusu saa, Baba Chupa alikuwa mlangoni. Alikaribishwa kiti, akakikataa.

"Dada, miaka kumi na moja," alisema kwa hasira. "Niliifunga kwenye barafu. Sikusimama njiani hata kunywa maji. Leo unanifukuza kwa simu, bila hata kuniuliza."

Nilichukia matope, nikachukia friza, nikachukia pasi. Halafu nikaona anayestahili kuchukiwa ni mimi. Mtu mzima alikuwa anapoteza kazi kwa ajili ya sare yangu. Nikasema liwalo na liwe.

"Ni mimi. Nilichomoa friza nikapiga pasi."

Mama hakunigeukia kwanza. Alimgeukia Baba Chupa.

"Ndugu yangu, nimekukosea. Kazi yangu ni kupima kabla ya kusema, nami nimesema bila kupima. Nisamehe."

"Nimeumia," Baba Chupa alisema. "Lakini nimekusikia." Akakaa.

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika.

"Kusahau ni kosa la haraka haraka," Mama alisema. "Kinachonikasirisha ni jinsi ulivyonitazama machoni ukasema hapana. Ningeyapima haya bila kujua, yangenipa jibu la uongo, na mwenye kiwanda angenicheka." Akafungua daftari lake, akaandika mbele yangu: Yameyeyuka. Yasitumike. Akaweka tarehe.

Jumapili maji yalipokupwa tulishuka ghubani watatu. Nilizama magotini kwenye matope yanayonuka kama mayai viza, nikasukuma mrija hadi mikono ikaniuma. Baba Chupa alinionyesha namna ya kuuziba hewa isiingie, bila kutabasamu. Alikuwa na haki yake. Kufikia adhuhuri tulikuwa na mirija mitatu mipya, na kazi ya Mama ilikuwa imeokoka.

Nilipokuwa naosha miguu, Mama alinipa kalamu niandike tarehe kwenye mirija.

"Kosa likiandikwa, linabaki kosa tu," alisema. "Likifichwa linageuka uongo. Na uongo wetu sisi, mwanangu, watoto wa watu ndio wanaoula."