Kizibao cha Kilo Tatu

Binti wa fundi cherehani alikuwa hatulii. Alikula amesimama. Akiongea na simu, alizunguka chumba mpaka mama yake akaona kizunguzungu. Ndiyo maana jengo zima lilimwita Pirika.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Kikosi cha zimamoto kilitangaza nafasi za kazi. Mtihani ulikuwa baada ya wiki kumi: kupanda ngazi za ghorofa tano huku umebeba mpira wa maji begani. Mwaka uliopita Pirika aliishia ghorofa ya tatu. Miguu ilimgomea, akashushwa mbele ya watu.

"Safari hii sishushwi," alimwambia mama yake.

Jioni moja alirudi na mfuko mzito. Aliutua sakafuni, vikombe vikacheza mezani.

"Umenunua mawe?" mama aliuliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Kizibao cha uzito, mama. Unakivaa, unafanya mazoezi, miguu inapata nguvu. Kilo ishirini! Na bei yake ilikuwa ya kutupa."

"Mbona bei ya kutupa?"

Pirika alikuwa ameshaanza kukivaa.

Kesho yake asubuhi alipanda na kushuka ngazi za jengo mara kumi. Kizibao kilikuwa kipana kuliko mwili wake. Kila hatua kilipanda na kushuka, kikimgonga kifuani. Mikanda ilimkata mabega. Mshono mmoja ukaachia na mchanga ukaanza kumwagika. Hakusimama. Siku ya tatu, akishuka, goti la kulia lilichoma kama limechomwa sindano.

Alificha. Lakini mama mtu alimwona akishuka ngazi kiubavu, kama kaa.

"Twende chini kwa jirani," alisema. "Sasa hivi."

"Nitapona mwenyewe, mama. Sina muda."

"Nimesema twende."

Jirani wa chini alifanya kazi katika zahanati. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa kutembea tena baada ya kuumia. Watoto wa jengo walimpa jina la Bwana Magoti, naye aliitika bila kinyongo.

"Shikamoo, mjomba," alisema Pirika.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaa, nimesema, usizunguke."

Alilikunja goti la Pirika, akalinyoosha, akalibonyeza taratibu. "Hakuna kilichovunjika. Limelemewa tu. Hicho kizibao kiko wapi?"

Mama alikileta. Bwana Magoti alikiweka kwenye mizani. Mshale ulisimama kwenye ishirini na tatu.

"Kimeandikwa ishirini!" Pirika alishangaa.

"Ndiyo maana tunapima wenyewe. Wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Gawa kwa ishirini. Anayeanza asizidi hapo. Kwako ni kama kilo tatu."

"Tatu? Mjomba, huo si uzito wa mtoto mchanga?"

"Ndio huo. Mpandishe mtoto mchanga ghorofa tano uone kama hutahema."

Mama alicheka. Pirika hakucheka. Alikuwa akihesabu siku kwa vidole.

"Kwanza utalipumzisha goti," jirani aliendelea. "Wiki mbili bila uzito wowote. Utatembea tu kwenye njia tambarare. Likiuma, unaacha. Baada ya hapo ndiyo uvae kizibao. Siku tatu kwa wiki, dakika kumi kumi. Kukimbia nacho bado. Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, kivue na uende hospitali. Una ugonjwa wowote wa moyo au mgongo?"

"Sina."

"Vizuri. Mwenye ugonjwa huo, au mjamzito, amwone daktari kabla ya kukigusa."

Siku ya mapumziko ya Bwana Magoti, wote watatu walikirudisha kizibao dukani. Mwenye duka alikiona kile kizibao, akakunja uso.

"Pesa sirudishi. Ukitaka kubadilisha, badilisha."

Pirika alinyoosha mkono kwenye kizibao cheusi kinachong'aa. Bwana Magoti alimzuia. "Usinunue rangi. Kijaribu kwanza. Kaza mikanda, uruke kidogo."

Kile cheusi kiliruka naye. Cha pili kilimbana, akashindwa kuvuta pumzi mpaka mwisho. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kimetumika, kina vifuko vidogo mbele na nyuma. Kila kifuko kilikuwa na uzito wa nusu kilo unaotoka na kuingia. Pirika aliinua mikono, akainama, akaruka. Kilitulia mwilini. Mikanda ya mabegani ilikuwa mipana.

"Hiki kinakua pamoja nawe," alisema Bwana Magoti. "Leo unaweka vifuko sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, ili kisikuvute upande mmoja. Baadaye unaongeza kimoja kimoja, mara mbele, mara nyuma. Hutahitaji kununua kingine."

Mama alikigeuza ndani nje na kuvuta kila mshono kwa kucha. Hapo hakuna aliyeweza kumfundisha. "Mshono umerudiwa mara mbili," alisema. "Uzi ni imara. Bei?"

Mwenye duka alikitazama kile kizibao kikubwa. "Chukueni. Tumebadilishana."

Wiki mbili za kusubiri zilimtesa Pirika kuliko kilo ishirini na tatu. Alikunja nguo zote za wateja, akazikunjua, akazikunja tena. Asubuhi alitembea. Mara mbili alishika kizibao, mara mbili mama alimtazama tu, akakirudisha msumarini.

Alipoanza, kilo tatu zilimfanya atoke jasho. Alijifuta, akaendelea. Baadaye alirudi kwenye ngazi. Alipanda nacho, na kabla ya kushuka alikivua na kukiacha juu, ili goti lisipigwe; jioni mama alikwenda kukichukua. Kila baada ya wiki mbili, kama hapakuwa na maumivu, aliongeza kifuko kimoja. Goti likakaa kimya.

Siku ya mtihani mama alisimama nje ya uzio. Hakuweza kuketi. Alimwona binti yake akitupia mpira wa maji begani na kuingia kwenye mlango wa jengo. Wenzake walikimbia. Yeye alipanda hatua moja moja. Ghorofa ya tatu wawili walikuwa wameketi chini, wanahema. Aliwapita.

Kisha kichwa chake kikatokea juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tano.

Aliposhuka, mkufunzi wa zimamoto alikuwa ameshika kalamu na karatasi. "Unavaa viatu namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Kwa nini, afande?"

"Huwezi kuzima moto na raba, binti. Jumatatu asubuhi njoo stoo uchukue buti zako."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, Pirika alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akatulia.